Ukeketaji Tarime na Serengeti: Picha iliyokosea anwani

INAPOFIKA Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watoto wamerejea nyumbani kwa likizo, baadhi ya koo za Wakurya katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huingia katika msimu wa saro, yaani jando na unyago. Wazee wa mila hutoa idhini, ngariba hujiandaa, na barabara za vijijini hujaa misafara ya filimbi, nyimbo na vigelegele, ikiwasindikiza wavulana waliotahiriwa na wasichana waliokeketwa.

Msichana hutembea taratibu katikati ya umati akiwa amefunikwa kanga. Ndugu humtuza fedha, na vijana wa kiume waliobeba marungu na mapanga hucheza mbele yake.

Katika msafara huo hakuna imamu. Idhini haikutoka msikitini. Binti anayesindikizwa, aitwe Bhoke, Rhobi au Ghati, mara nyingi ana jina jingine alilopewa siku ya ubatizo.

Hata hivyo, mtu aliye mbali na Mara, ambaye ameujua ukeketaji kupitia sinema, majarida na televisheni za nje, aghalabu huwa na picha tofauti kabisa kichwani. Humwona mwanamke aliyejitanda ushungi au kufunika uso, nyuma yake jangwa na mnara wa msikiti. Kwa watu wengi wa Ulaya na Marekani, ukeketaji ni “mambo ya Waislamu”.

Picha hiyo inawaumiza wanawake wawili kwa wakati mmoja. Mwanamke Muislamu hubebeshwa mila ambayo katika sehemu nyingi si yake, na binti wa Tarime, ambaye kisu kinamngoja kweli, haonekani.

Picha ilivyojengwa

Si haki kusema kwamba picha hiyo ilizushwa. Mwaka 1998 Waris Dirie, mwanamitindo aliyezaliwa Somalia, alichapisha kitabu cha maisha yake, Desert Flower, akieleza jinsi alivyokeketwa akiwa mtoto. Kitabu hicho kilisomwa duniani kote, na mwaka 2009 kikatolewa filamu. Aliyoyasimulia yalimpata yeye mwenyewe, na ujasiri wake uliwapa wengi nguvu ya kusema.

Mwaka 2004, Ousmane Sembène wa Senegal alitoa filamu ya Moolaadé, kuhusu mwanamke wa kijijini Afrika Magharibi anayewapa hifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa. Kijiji hicho ni cha Waislamu. Lakini shujaa wa filamu ni Muislamu vilevile, na wanawake wa kijiji wanapata habari kupitia redio kwamba dini haikuamuru jambo hilo. Wanaume wanaikusanya mirundo ya redio na kuichoma moto.

Watazamaji wengi walikumbuka mateso wakasahau mtetezi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa maana simulizi za nchi chache zilichukuliwa kuwa simulizi ya dini nzima.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, sura ya mwanamke Muislamu ilipewa kazi nyingine. Novemba 17, 2001, mke wa Rais wa Marekani, Laura Bush, alitumia hotuba ya redio kuwaelezea wanawake wa Afghanistan, na kuunganisha vita dhidi ya ugaidi na mapambano ya kutetea haki za wanawake. Picha ya mwanamke aliyefunikwa burka ikawa sehemu ya hoja ya vita.

Mwaka 2002 mwanaanthropolojia Lila Abu-Lughod, wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha makala yenye swali ambalo bado linajadiliwa: je, wanawake wa Kiislamu wanahitaji kweli kuokolewa? Hakukana kwamba wapo wanaodhulumiwa. Alichohoji ni tabia ya kueleza kila dhuluma kwa dini, huku historia, siasa na umaskini wa mahali husika vikiachwa kando.

Swali hilo liliulizwa kuhusu Afghanistan, lakini lina jibu lake katika vilima vya Tarime.

Takwimu zinasemaje

Kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16, asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Manyara iliongoza kwa asilimia 58, ikifuatiwa na Dodoma asilimia 47, Arusha asilimia 41, Mara asilimia 32 na Singida asilimia 31.

Zanzibar, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu, kiwango kilikuwa chini ya asilimia moja.

Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kiwango cha taifa kilishuka hadi asilimia 8, na Mara kikawa asilimia 28. Ikumbukwe kwamba takwimu ya Mara ni ya mkoa mzima, ambao una makabila yasiyokeketa wasichana, wakiwamo Wajaluo. Asilimia ya mkoa kwa hiyo haionyeshi uzito wa jambo lenyewe ndani ya koo zinazokeketa.

Hali hiyo haiko Tanzania pekee. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 94 ya wanawake wa Kisomali, ambao ni Waislamu, wamekeketwa. Lakini utafiti huohuo ulikuta asilimia 84 miongoni mwa Wakisii, ambao wengi wao ni Wakristo. Kwa Waswahili na Wamijikenda wa Pwani ya Kenya, eneo lenye misikiti ya karne nyingi, kiwango kilikuwa chini ya asilimia 5.

Zipo nchi za Kiislamu, kama Morocco, Algeria na Tunisia, ambazo hazina mila hiyo. Na ipo Misri, ambako Waislamu na Wakristo wa Koptiki wameifuata kwa pamoja. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliutaja ukeketaji katika habari zake za Misri karne kadhaa kabla ya Uislamu.

Hata ndani ya Tanzania mfano uko wazi. Wilayani Kondoa, Warangi, ambao wengi ni Waislamu, wamekuwa wakikeketa kama walivyokuwa wakifanya majirani zao Wagogo, ambao wengi ni Wakristo. Kinachowaunganisha wawili hao ni ujirani na mila, wala si kitabu kitakatifu.

Saro, ukoo na ng'ombe

Ili kuelewa kwa nini mila hiyo inadumu Tarime na Serengeti, inabidi kuuangalia ukoo. Wakurya wamegawanyika katika koo nyingi, miongoni mwao Wanchari, Wairege, Wanyabasi, Wakira na Watimbaru, na kila ukoo una wazee wake wa mila. Hao ndio wenye mamlaka ya kutangaza kama mwaka huu kutakuwa na saro au la.

Saro humtoa mtoto katika utoto na kumwingiza katika rika lake. Kwa msichana, hiyo ndiyo alama kwamba sasa anaweza kuolewa. Asiyepitia huitwa msagane, jina la dharau linaloweza kumfuata hadi kwa wakwe, na hata baada ya kuwa mama wa watoto.

Nyuma ya heshima ipo hesabu. Binti aliyekeketwa huolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao mara nyingi ndio watakaomwezesha kaka yake kuoa. Ngariba hulipwa kwa kila msichana, na wazee wa mila hupata sehemu yao. Kwa hiyo, kuacha kukeketa hugusa mfuko wa baba, ndoa ya kaka, kipato cha ngariba na mamlaka ya mzee.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotegemea Uislamu. Mjini Tarime, Sirari na Mugumu wapo Waislamu, lakini ni wachache. Historia ya dini za kigeni katika mkoa huo ni zaidi ya Ukristo: Wamenoni walifungua kituo chao Shirati mwaka 1934, mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, na Wasabato na Waanglikana nao wana makanisa hadi vijijini.

Mtangazaji anayeripoti habari za Tarime kwa kuweka picha ya mwanamke aliyevaa nikabu, eti kwa sababu ndiyo iliyopatikana haraka kwenye maktaba ya picha, hakosei kidogo. Anakuwa amemwelekeza msomaji kwenye mlango ambao haukuhusika.

Dini zote mbili zina la kujibu

Kuusafisha Uislamu na lawama isiyo yake hakuna maana ya kuficha yaliyopo. Wapo wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Shafi, ambao kwa karne nyingi wameona aina fulani ya tohara ya wanawake kuwa ni wajibu au jambo jema. Wapo pia wazazi Waislamu, Somalia na Indonesia kwa mfano, wanaofanya hivyo wakiamini kwamba wanatimiza dini.

Mjadala huo umefanywa na Waislamu wenyewe. Novemba 2006, wanazuoni kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Cairo, akiwamo Mufti Mkuu wa Misri wakati huo, Ali Gomaa, na kutamka kwamba ukeketaji wa wanawake hauna msingi katika Korani na ni madhara yanayopaswa kukomeshwa.

Upande wa pili, Biblia haina mstari unaoamuru kumkeketa msichana. Lakini wazazi wengi wanaowapeleka binti zao kwa ngariba wilayani Tarime mwezi Desemba huhudhuria ibada Januari. Kama ukeketaji ungekuwa umepigwa picha kwa haki, viongozi wa makanisa ya Mara wangeulizwa na waandishi maswali magumu ambayo maimamu wa Afrika Mashariki wamezoea kuulizwa.

Ni kweli kwamba baadhi ya makanisa yamejibu kwa vitendo. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kimewapokea wasichana wanaokimbia saro na kuwapa mafunzo mbadala ya kuingia utu uzima bila kisu. Mjini Mugumu, nyumba salama ilianzishwa chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara.

Mwanamke aliyeiongoza nyumba hiyo, Rhobi Samwelly, naye alikeketwa akiwa msichana. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo limeendesha nyumba salama Mugumu na Butiama. Filamu ya maelezo ya In the Name of Your Daughter, iliyoongozwa na Giselle Portenier wa Canada na kutolewa mwaka 2018, ilipigwa Serengeti na kuwaonyesha wasichana wanaotoroka nyumbani ili wasikeketwe.

Filamu hiyo ni muhimu kwa jambo moja: wasichana wake wanaamua. Wanatembea usiku, wanafika kituoni, wanakaa mbele ya wazazi wao na kusema hapana. Magazeti mengi, yakiwamo ya nchini, huwaita wahanga na kuishia hapo.

Sura zilizosahauliwa

Vyombo vya habari vya Tanzania haviwezi kuwalaumu wageni bila kujitazama. Mwanamke Muislamu wa filamu za Bongo na tamthilia aghalabu huwekwa Pwani. Ni mke mwenza mwenye husuda, shangazi mwenye umbea wa kibarazani, au mtu wa udi na mipasho ya taarabu. Mwezi wa Ramadhani ukifika, matangazo ya biashara humwonyesha jikoni akiandaa futari, ukiisha, hutoweka.

Mwanamke wa Mara naye ana sehemu yake moja tu jukwaani. Ni Mkurya mkali, au Mkurya aliyepigwa, au Mkurya aliyekeketwa. Mwanamke Muislamu anayeishi Tarime, mwenye duka Sirari au anayefundisha shule Mugumu, hana nafasi katika picha yoyote kati ya hizo mbili, na kwa hiyo haonekani kabisa.

Historia ya nchi ingeweza kusahihisha hilo. Bibi Titi Mohamed, mwanamke Muislamu wa Dar es Salaam, aliwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU miaka ya 1950 kupitia vikundi vya ngoma. Siti binti Saad wa Zanzibar, ambaye mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay, aliimba juu ya dhuluma walizotendewa wanyonge wa mji wake, wakiwamo wanawake. Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, aliapishwa kuwa Rais wa kwanza mwanamke wa Tanzania, na tangu siku hiyo ushungi umekuwa katika kurasa za mbele za magazeti kama vazi la mkuu wa nchi.

Upo pia uzi mmoja unaomfunga mwanamke wa Pwani na binti wa Tarime, ingawa ni wachache wanaoukumbuka. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad. Chama hichohicho kilikuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Sheria hiyo ndiyo iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachofanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi Sh 300,000, au vyote kwa pamoja. Kwa maneno mengine, sheria anayoitumia askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anapomkamata ngariba Tarime ilipiganiwa na waandishi waliojiita kwa sauti ya mwimbaji Muislamu wa Unguja.

Sheria ina mapengo. Mwanamke aliyetimiza miaka 18 hailindwi naye, na faini yake haimtishi mtu anayelipwa kwa kila kichwa msimu mzima. Mpaka nao uko karibu: wasichana huvushwa kwenda upande wa Kenya, na wa Kenya kuletwa Tanzania, kulingana na upande ulio na ulinzi hafifu zaidi msimu huo.

Kazi ya mwandishi

Kila mwaka, Februari 6, dunia huadhimisha siku ya kutovumilia ukeketaji. Takwimu za UNICEF za mwaka 2024 zinaonyesha kwamba zaidi ya wanawake na wasichana milioni 230 duniani wamepitia kisu hicho, wakiwamo milioni 144 Afrika na milioni 80 Asia. Magazeti huandika, televisheni huonyesha, kisha kalenda husonga.

Tarime na Serengeti zinahitaji habari mnamo Oktoba na Novemba, kabla ya saro. Ukoo gani umetoa idhini? Mchungaji wa kijiji amesema nini madhabahuni? Ngariba waliokamatwa mwaka uliopita kesi zao zimefikia wapi? Nyumba salama zina chakula cha kuwatosha mamia ya wasichana watakaobisha hodi? Hayo ni maswali yenye majibu, na mwenye kuyajibu anafahamika kwa cheo na mahali.

Picha nazo zina madhara. Sura ya msichana aliyetoroka ikichapishwa pamoja na jina la kijiji chake, ndugu hujua alipojificha. Sura ya mwanamke wa ushungi ikiwekwa badala yake, msomaji huondoka akiwa na mtuhumiwa asiyehusika, na mwanamke huyo hulipa gharama hiyo katika daladala, ofisini na uwanja wa ndege.

Mzee wa mila anayetoa idhini ya saro hasomi magazeti ya Ulaya, wala hajali ulimwengu unamlaumu nani. Lakini anafaidika. Kadiri lawama inavyopelekwa mbali na ukoo wake, ndivyo anavyozidi kukaa kwa amani chini ya mti wake, akihesabu wasichana wa msimu ujao.